Fedha za Maendeleo na Wenyewe

Ndugu msikilizaji, barua zinazofika hapa kila wiki zinatoka mikoa mbalimbali, lakini nyingi zina lalamiko moja. Mmoja anaeleza juu ya boma la zahanati ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao hadi kwenye lenta, na sasa ni masika ya tatu linanyeshewa bila bati. Mwingine anaandika juu ya kivuko kilichochukuliwa na maji. Wa tatu ana darasa lenye kuta nzuri na sakafu ya vumbi. Na karibu wote humalizia kwa maneno yale yale: "Tunaiomba serikali itusaidie."

Neno hilo "itusaidie" ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Mtu anayeomba msaada hawezi kuuliza msaada wenyewe ulikuwa kiasi gani, umekwama wapi na nani ameushika. Akipata hushukuru, akikosa hunyamaza. Lakini fedha za maendeleo ya wilaya na mikoa yetu si msaada. Zina wenyewe, zina njia zinazopitia, zina tarehe, na zina watu wanaotakiwa kuzitolea hesabu. Nitaeleza kwa njia ya historia, kwa sababu mazoea yetu ya kuomba hayakuzuka tu. Yamejengeka polepole kwa muda mrefu. Ieleweke pia kwamba nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na utaratibu wake.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Nia yao haikuwa kupata mapato peke yake. Walitaka pia mtu alazimike kutafuta fedha taslimu, na fedha taslimu zilipatikana kwa kufanya kazi ya Mjerumani au kulima zao alilolitaka yeye. Hakuna aliyeulizwa kodi hiyo ifanye nini. Waingereza walipochukua nchi waliiendeleza, lakini wakaongeza jambo moja linalotuhusu. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alileta sheria ya mwaka 1926 iliyowapa machifu na mabaraza yao madaraka ya kiserikali, na kila utawala wa wenyeji ukawa na hazina yake. Sehemu ya kodi ilibaki katika hazina hiyo. Ililipa kwanza mshahara wa chifu, karani wake na matarishi wake, na kilichosalia kilikwenda kwenye barabara, zahanati na shule.

Utaratibu huo ulikuwa wa kutawaliwa, na sisemi tuurudie. Hata hivyo mlipa kodi wa wakati ule alijua kodi yake imeingia kwenye sanduku gani na sanduku hilo liko kwa nani. Alichokosa ni haki ya kulifungua. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 ilianza kufungua njia ya mabaraza ya kuchaguliwa, na wengi wa waliokuja kuongoza wilaya zetu baada ya Uhuru walijifunza kusoma bajeti katika mabaraza hayo.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali iliondoa madaraka ya machifu, na halmashauri za wilaya zikabebeshwa kazi kubwa: shule za msingi, zahanati, barabara ndogo. Mapato yao makubwa yalikuwa kodi ya halmashauri iliyotozwa kwa kila mtu mzima, na ushuru wa mazao. Wakati huo huo wananchi walikuwa na ari ya kujenga ambayo wazee wanaisimulia mpaka leo. Shule zilijengwa kwa matofali ya wananchi, barabara zikachimbwa kwa majembe ya wananchi. Lakini katika miaka ile ile ya 1960 likajitokeza tatizo ambalo msikilizaji wangu wa boma la zahanati atalitambua mara moja. Majengo yalisimama, halafu hakukuwa na mwalimu, wala dawa, wala fungu la kuyatunza, kwa sababu hakuna aliyeyaingiza katika mpango wa matumizi kabla ya tofali la kwanza. Boma lisilo na bati tunalolilalamikia leo lina kaka zake wenye umri wa miaka sitini.

Mwaka 1969 serikali ikafuta kodi ya halmashauri na ushuru wa mazao. Sababu zilikuwa na uzito. Halmashauri nyingi hazikuweza kukusanya vya kutosha, hesabu zao zilikuwa na mashaka, na mkulima alikuwa analia. Wananchi walifurahi, na mimi siwalaumu. Lakini halmashauri iliyonyang'anywa mapato yake ilibaki kama mtu aliyevuliwa viatu akaambiwa aendelee na safari. Shule za msingi, afya na barabara zikahamia mikononi mwa serikali kuu, na miaka mitatu baadaye halmashauri zenyewe zikafutwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye Madaraka Mikoani, na hapa nitakaa kidogo. Mwezi Mei 1972 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo ya mpango huo, na tarehe 1 Julai mwaka huo ukaanza. Serikali ilikuwa imepata ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, jambo ambalo huwashangaza vijana wanapolisikia, kwamba nchi ya Azimio la Arusha ilimwita mshauri wa makampuni makubwa ya kibepari aje aipangie namna ya kuwafikishia wakulima madaraka. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Mikoani na wilayani wakapelekwa Wakurugenzi wa Maendeleo, pamoja na maofisa wa mipango, fedha, kilimo, elimu na afya. Wakuu wa mikoa wakapewa hadhi kubwa. Fedha za mkoa zikaanza kupangwa mkoani badala ya kila wizara kupanga kutoka Dar es Salaam.

Nia ya mpango ilikuwa njema, na kuna mambo yaliyofanikiwa. Ofisa aliyekuwa anasubiri kibali cha wizara kwa miezi sasa alikipata kwa mkuu wake aliye jengo la jirani. Lakini madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda kwa watumishi wa serikali kuu. Diwani aliyechaguliwa, ambaye ukikutana naye gulioni unamshika mkono na kumuuliza habari ya kisima, hakuwa tena na bajeti ya kujibia. Vikao vya maendeleo vilikuwepo katika ngazi mbalimbali, na wananchi walipeleka maombi yao, ila aliyeandika kasma na aliyesaini hati ya malipo alikuwa mtumishi aliyeletwa kwa uhamisho na atakayeondoka kwa uhamisho. Mijini mambo yalionekana haraka zaidi: mitaro iliziba, takataka zikalundikana, na kipindupindu kilichozuka katika miaka hiyo ya 1970 kikawatia watu hofu. Ndiyo maana mabaraza ya miji yalirudishwa kwanza, mwaka 1978.

Kipindi hicho hicho kilikuwa na jambo jingine ambalo wanahistoria hulitaja kwa ufupi, nami naona lilitubadilisha zaidi kuliko tunavyodhani. Kila mkoa ulitakiwa kuwa na mpango wake kamili wa maendeleo, na mipango hiyo ikaandikwa na kugharimiwa na wafadhili. Mikoa ikagawanywa. Ujerumani Magharibi ilikwenda Tanga. Wajapani walikwenda Kilimanjaro, ambako skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini ilikamilika mwaka 1987 na bado inatoa mpunga. Wafini walichukua Mtwara na Lindi, Wanorwe walichukua Rukwa, Wamarekani walikuwa Arusha, Benki ya Dunia ikaanzia Kigoma. Upande wa maji vijijini, Wadenishi walikuwa Iringa, Mbeya na Ruvuma, na kuanzia mwaka 1985 Waswidi walikuwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa.

Sisemi miradi hiyo ilikuwa mibaya. Kuna watu walio hai leo kwa sababu ya visima vile. Lakini sikiliza lugha iliyobaki. Mpaka sasa ukipita katika mikoa hiyo utasikia "bomba la Wafini", "mradi wa Mjapani". Nimekutana na mzee mmoja aliyenieleza kwa makini sana jinsi pampu ya kijiji chao ilivyokufa, na nilipomuuliza kwa nini hawakuitengeneza akanijibu kwa mshangao, "Mwanangu, mwenye nayo si alikwisha kwenda kwao?" Mzee huyo hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa ameishi miaka ishirini ambamo fedha za maendeleo ziliingia wilayani bila kupita kwake, zikapangwa katika ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza, zikakaguliwa na watu wa mbali, na mwisho zikaondoka.

Mwalimu mwenyewe aliliona hilo. Mwaka 1984, katika mahojiano na jarida la *Third World Quarterly*, alisema wazi kwamba kama angeanza upya, kuna mambo ambayo asingeyafanya, na akataja kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache duniani wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani. Sheria za mwaka 1982, namba 7, 8 na 9, zilikuwa zimekwisha kurudisha halmashauri, na kuanzia Januari 1984 halmashauri za wilaya zikafanya kazi tena.

Zilirudi wakati wa njaa ya fedha. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba, mafuta yalikuwa ghali, duka halina sabuni. Halmashauri ikaambiwa ijitafutie mapato, na chombo ilichopewa kilikuwa kodi ya maendeleo. Wenye umri wangu wanaikumbuka. Wanamgambo waliweka vizuizi njiani siku ya gulio, na asiye na stakabadhi alishikwa. Mimi nimemwona baba yangu mdogo akizunguka porini na mzigo wake wa karanga kichwani, na kodi alikuwa amelipa, ila stakabadhi ameisahau nyumbani kwenye koti jingine. Palikuwa na ushuru wa baiskeli, wa kuku, wa mkungu wa ndizi unaovuka mpaka wa kata. Bajeti ya Juni 2003 ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo, na nchi nzima ilishusha pumzi.

Nami nilishusha pumzi. Lakini tangu siku hizo nimekuwa na wazo ambalo marafiki zangu hawalipendi. Ile stakabadhi, pamoja na uonevu wake wote, ilikuwa karatasi iliyomwezesha mtu maskini kusimama mkutanoni na kuuliza. Niliwaona watu wakiinyanyua juu: "Hii hapa, nimelipa! Barabara iko wapi?" Baada ya mwaka 2003 karatasi hiyo ilitoweka, na halmashauri ikawa inategemea ruzuku ya Hazina kwa sehemu kubwa sana ya matumizi yake. Mwananchi akahisi kwamba halipi chochote. Na anayehisi halipi huanza tena kuomba.

Kumbe analipa. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Julai 1998, na tangu hapo anayenunua sabuni au muda wa maongezi ya simu analipa kodi, hata kama hajawahi kuona mlango wa ofisi ya kodi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa katika umeme wa LUKU, kwa hiyo hata mpangaji wa chumba kimoja anayenunua umeme wa mita ya nyumba ile anaichangia. Stakabadhi yako, ndugu msikilizaji, ni ule ujumbe wa LUKU. Usome siku moja mstari kwa mstari.

Sasa nije kwenye mfano wa jirani. Mwaka 1996 nchini Uganda watafiti walifuatilia fedha za ruzuku ambazo serikali kuu ilisema imezipeleka katika shule za msingi. Walikwenda katika shule 250 wakafungua madaftari. Waligundua kwamba katika miaka ya 1991 hadi 1995 shule zilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha zile zisizo za mishahara. Shule nyingi hazikupata hata senti. Zilizobaki zilikuwa zimeishia wilayani, nyingine kwa wizi, nyingine kwa kugeuzwa matumizi. Walimu wakuu wengi hawakulalamika, kwa sababu hawakujua kwamba kuna fedha walizotakiwa kupata.

Serikali ya Uganda ikafanya jambo dogo. Ikaanza kuchapisha magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika shuleni ilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wapo wachumi waliosema baadaye kwamba matangazo hayo yasipewe sifa yote, maana katika miaka hiyo hiyo Uganda ilifuta ada, ikaongeza fedha na kubadili namna ya kuzipeleka, na mimi nadhani wana hoja. Lakini watafiti walionyesha pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa ziliongezewa zaidi kuliko zilizo mbali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa daftari lilikuwepo siku zote, ila lilifungiwa kabatini.

Kwetu tuliona jambo la namna hiyo hivi karibuni. Oktoba 2021 serikali ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika mpango huo kulikuwa na madarasa 15,000. Kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Namba hiyo ilitangazwa redioni, ikarudiwa mikutanoni, ikaingia vijiweni. Kwa mara ya kwanza nilimsikia muuza kahawa akibishana na mteja wake juu ya bei ya nondo na mifuko ya saruji kwa darasa moja, na kama milioni 20 inatosha mahali ambapo lori la mchanga linatoka mbali. Madarasa yale yalijengwa kwa miezi michache. Sitadai kwamba hapakuwa na kasoro. Nasema tu kwamba ni vigumu zaidi kupunguza milioni tano katika milioni 20 ambayo kila mtu anaijua kuliko katika fungu lisilojulikana.

Sasa tuone fedha zenyewe zinavyokwenda, maana wengi huuliza pasipohusika wakakata tamaa. Halmashauri ina mapato ya aina mbili kubwa. Yapo mapato ya ndani, yaani ushuru wa huduma, wa mazao, ada za masoko, vibali na kadhalika. Na ipo ruzuku ya Hazina, ya mishahara, ya matumizi ya kawaida na ya miradi. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kugawa ruzuku kwa vigezo vinavyojulikana, kama idadi ya watu, hali ya umaskini na ukubwa wa eneo, badala ya kutegemea nani anafahamiana na nani. Katika utekelezaji vigezo hivyo havikuheshimiwa kila mwaka, lakini kuwepo kwake kunakupa pa kusimamia unapouliza kwa nini wilaya yako imepata kidogo. Kuna pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Kwa maoni yangu mbunge angebaki kuwa msimamizi wa serikali kuliko kuwa mgawaji, kwa sababu mtu hawezi kujikagua. Lakini maadamu fedha hizo zipo, ni za jimbo, na jimbo lina haki ya kujua zimenunua bati ngapi na za shule ipi.

Zingatia pia kwamba kazi mbili kubwa zimeondoka katika halmashauri. Barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maji vijijini yako chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Nimeona wananchi wakimkalia kooni diwani kwa ajili ya kalvati, naye anaapa kwamba hana fungu, na safari hii anasema kweli. Aulizwe kama amepeleka ombi TARURA, na tarehe gani.

Lipo fungu moja ambalo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanapaswa kulijua kwa jina. Tangu miaka ya 1990 halmashauri ziliagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, lakini nyingi zilitenga pale zilipopenda. Mwaka 2018 jambo hilo likawekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na bila riba. Likawa lazima. Halafu ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikaonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na mwezi Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji wake. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ndugu msikilizaji, vikundi hewa haviwezi kustawi katika kata ambayo orodha ya vikundi vilivyokopeshwa imebandikwa ofisini, kwa sababu jirani anajua kama kikundi cha ufugaji wa kuku kina kuku. Kikundi halisi kianzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, kikiwa na katiba yake na akaunti yake, na kikinyimwa kiombe sababu kwa maandishi.

Sasa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano huo ni wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si wa chama chochote, wala si wa waliochanga peke yao. Unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na humo ndimo halmashauri ya kijiji inapotakiwa kusoma mapato na matumizi. Vijiji vingi mkutano haufanyiki mpaka aje mgeni mkubwa, na akija mgeni mkubwa muda wote huliwa na ngoma na risala. Mwenyekiti atakwambia watu hawaji. Watu watakwambia wakija hawasomewi chochote. Wote wawili wanasema kweli, na mmoja lazima aanze. Nimewahi kuhudhuria mkutano ambapo mama mmoja, mwuza vitumbua, aliomba tu kwamba mtendaji arudie namba ya mwisho aliyoisoma, polepole, ili aiandike. Mtendaji alisita, akapekua karatasi, akasema atarudi na taarifa sahihi. Mkutano ukakubaliana kutopokea taarifa ile mpaka hapo. Hapakuwa na matusi wala polisi, na taarifa iliyoletwa baada ya wiki tatu ilikuwa na kurasa nne badala ya moja.

Anayekataliwa taarifa kwa mdomo aandike barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Aidha, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu juu ya serikali za mitaa hufika bungeni mwezi Aprili kila mwaka, nayo huzitaja halmashauri kwa majina. Mwalimu wa shule yenu au kijana mwenye simu nzuri anaweza kuitafuta na kuwasomea kurasa zinazowahusu. Ni kitabu kinene, lakini kijiji hakihitaji kukisoma chote.

Sasa nirudi kwa wenye maboma. Nimeuliza kwa watu wa mipango kwa nini maboma mengi hukaa miaka, na jibu ninalolipata mara kwa mara ni kwamba boma halimo katika mpango. Lilijengwa kwa hamasa baada ya mkutano wa hadhara, hakuna muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliolipitisha, kata haikuliombea, na ofisa mipango halijui au amelijua njiani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na mwisho wa Juni. Kabla ya hapo baraza la madiwani limekwisha kupitisha bajeti ya halmashauri, na kabla ya madiwani kamati ya maendeleo ya kata imekwisha kukaa. Maana yake ni kwamba anayesubiri mvua za masika ziishe ndipo aanze kuuliza habari ya bati, amechelewa kwa mwaka mzima. Kijiji kinachotaka kupaua zahanati yake kifanye mkutano wake mkuu mwezi Septemba au Oktoba, kiandike muhtasari wenye majina na saini, kieleze boma limegharimu kiasi gani cha nguvu za wananchi na linahitaji nini, kiupeleke kwa mtendaji wa kata na kudai nakala. Halafu mwezi Februari diwani aulizwe hadharani: lile boma letu limewekwa kwenye kasma ipi, na kwa shilingi ngapi?